Gumba la Igreki

Fungua mkono wako wa kushoto, kiganja kikutazame. Anza na kidole cha mwisho, kile kidogo, ukipe herufi ya kwanza. Kinachofuata kipe ya pili, cha kati ya tatu, cha shahada ya nne. Gumba liache. Gumba lina mwenyewe tayari, naye ni Y. Sasa sema heavy, yaani kizito, ukikunja kidole kimoja kwa kila herufi. Ukifika kwenye gumba na ukaikuta Y inakusubiri, neno hilo linafaa. Kama kidole kimebaki bila herufi, au herufi imekosa kidole, liache, tafuta jingine. Usijilaumu. Mwanzoni kila mtu hukosea.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha jirani yangu, fundi cherehani wa hapa mtaani Muhima, na hasira yangu haijaisha.

Yeye alisoma kwa Kifaransa, na Y anaiita igreki mpaka leo. Mimi nililelewa Tanzania, nikarudi nyumbani na Kiswahili na Kiingereza changu cha sekondari, na jioni huwafundisha kina mama wachache sebuleni kwangu. Mwaka jana hoteli moja upande wa Kanombe ilitangaza kazi ya fundi wa mapazia na mashuka: mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu, cherehani ya umeme. Sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyoitaka kazi ile. Magoti yake yalikuwa yamechoka kukanyaga cherehani ya miguu, na jengo lenye kibanda chake lilikuwa linakaribia kubomolewa.

Lakini kabla ya kuonana na mtu yeyote anayejua sindano, ilibidi afanye mtihani wa Kiingereza kwenye ofisi ya waajiri, kule Kacyiru. Waliomtangulia walituonya: hapo huulizwa maneno ya herufi tano yanayoishia na herufi moja, na karibu kila mara herufi hiyo ni Y. Andika kumi, upesi.

"Mwalimu," aliniuliza, "pazia kwa Kiingereza linaishia na igreki?"

"Haliishii, dada."

"Shuka je?"

"Wala shuka."

"Sasa hawa watu wananitafutia nini?"

Nikampa mkono wake mwenyewe. Alikunja vidole akisubiri pasi ipate moto, akakunja akipima nguo: ready, tayari, empty, tupu, dirty, chafu, forty, arobaini, ambayo aliipenda kwa sababu iko kwenye futi yake ya kupimia. Muuza vitenge wa kibanda cha pili akamtania, "Ee fundi, unahesabu vifungo vya shati la nani?"

"La mume wako," akajibu bila kuinua kichwa.

Siku ya mtihani alirudi kabla ya saa sita, akaketi kwenye kochi langu bila kufungua mtandio.

"Wamenitoa."

Msimamizi alikuwa amemwona akikunja vidole na kuchezesha midomo. Akasema fundi anampa ishara binti wa meza ya pili. Akamnyang'anya karatasi mbele ya watu wote.

"Nikamwambia, mimi iko nahesabu tu. Akasema mtu mzima hahesabu na vidole."

Mimi si mtu wa hasira. Kazi yangu ni kurudia jambo lile lile mpaka mtu aliyekuwa anaona giza aanze kuona. Lakini siku ile nilipanda pikipiki hadi Kacyiru, na njia nzima nilikuwa nagombana na mtu ambaye sijamwona.

Nilimkuta msimamizi: kijana mwenye tai, mpole, na upole wake ukanichefua zaidi.

"Madamu, sheria iko wazi. Mikono lazima itulie."

"Imeandikwa wapi?"

"Ni utaratibu wetu."

"Haya. Nitajie wewe maneno matano ya herufi tano, mwisho Y. Sasa hivi."

Akatabasamu, akatazama dari. "Happy," akasema. Kisha kalamu yake ikaanza kugonga meza, taratibu, pigo moja kwa kila herufi.

"Kalamu yako inampa nani ishara?" nikamuuliza.

Kalamu ikasimama. Uso wake ukabadilika, lakini hakuomba radhi. Alisema jirani yangu atarudia mtihani Ijumaa, kwa sharti kwamba mkono usioandika ulale juu ya meza, umenyooka, usitikisike.

Nilirudi nikamwambia fundi avue viatu.

"Viatu vya nini tena, mwalimu?"

"Miguu nayo ina vidole."

Tulianza na mguu wa kushoto, kidogo kwanza, kikubwa kikiwa cha igreki. Vidole vya miguu havina akili ya peke yao. Ukikiita kimoja vinakuja vyote. "Hiki kidogo kimelala," akalalamika. "Kiamshe," nikamwambia, na yeye akacheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia, kisha nikamwambia aanze upya.

Ijumaa alivaa viatu vya kufunika. Mkono wake wa kushoto ulilala mezani kama wa maiti, na ndani ya kiatu vidole vilifanya kazi. Alifaulu. Kazi akapata, na mpaka leo yuko kule anashona mapazia, na hakuna aliyewahi kumuuliza tena neno la herufi tano.

Watu huniambia, "Mwalimu, si mlishinda?" Tulishinda nini? Mama mtu mzima aliketi pale akificha hesabu yake ndani ya kiatu, kana kwamba ameiba.

Wiki hii amekuja mwanafunzi mpya, naye anakwenda ofisi ile ile. Aliinua mkono wake wa kushoto, akaufungua vizuri, kama nilivyomwonyesha. Nikamsifu, maana alistahili. Kisha nikamwambia avue viatu, na sauti yangu, nilivyoisikia mwenyewe, haikuwa ya upole.