Uso wa Zaina na Kitambaa cha Mama Yake

Sogea karibu, msomaji wangu, unisikilize. Kama umewahi kumpiga picha mtu aliyekaa mbele ya dirisha, ukakuta uso wake umetoka mweusi kama kivuli, safari hii inakuhusu. Usijilaumu. Wengi tumekosea hapo, na dawa yake ni ndogo.

Mimi napiga picha za harusi hapa Ikwiriri. Naishi peke yangu tangu dada yangu aolewe mbali, na simu yangu ikilia huwa ni kazi. Siku hiyo aliyepiga alikuwa Bi Mwanahawa wa kule visiwani, kwenye delta ya mto. Alikuwa amevunjika nyonga na kulazwa, sasa yuko Kibiti kwa kaka yake, hawezi kupanda boti. Binti yake Zaina amewekwa ndani akisubiri ndoa, na ndoa itafungwa mama hayupo.

Kibiti nilifika asubuhi, basi likaniacha sokoni. Bi Mwanahawa alikuwa amelala kwenye godoro chini, kando ya ukuta. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanipa simu yake.

"Nitazamie hii, mwanangu. Wamenitumia. Wewe unamwona Zaina hapo?"

Niliona kitambaa cheupe kimetundikwa dirishani, kimetariziwa maua ya njano hafifu, kinang'aa. Mbele yake palikuwa na umbo la mtu, jeusi tupu.

"Kitambaa nimekitarizi mwenyewe, hapa hapa nilipolala, nikawapelekea," alisema. "Nataka niwaone wote wawili, yeye na kitambaa changu. Harusi yenyewe ndiyo hiyo picha. Sina nyingine."

Kutoka Kibiti nilipata gari hadi Bungu, kisha bodaboda hadi Nyamisati. Njia nzima kijana wa bodaboda aliongea na mtu mwingine kwenye simu. Sikumlaumu; mwenzangu mimi lilikuwa begi la kamera tu mapajani.

Kwenye boti tulipita katikati ya mikoko, maji yakiwa yanaanza kujaa. Abiria walikuwa jamaa tupu, wanaulizana habari za watoto na mpunga. Nilitoa kamera nijaribu mwanga, na hapa nataka unifuate polepole.

Kamera ina mambo matatu ya kupokea mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi: lifikirie kama dirisha, likifunguka sana, mwanga mwingi unaingia. La pili ni shata, mlango unaofunguka na kujifunga. Ukichelewa kufunga, mwanga unaongezeka, ila anayetikisika hutoka na ukungu. La tatu ni ISO, nayo ni kama sauti ya redio: ukiipandisha unasikia vizuri, lakini na mikwaruzo inapanda.

Ukiiachia kamera ijipangie yenyewe, inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Nilipoielekeza kwenye tope jeusi chini ya mikoko, ilidhani giza limeingia, ikaongeza mwanga mpaka tope likawa kijivu na mbingu ikapotea. Nikaelewa kilichompata Zaina. Simu yao iliona weupe wa kitambaa, ikadhani ni jua kali, ikapunguza mwanga. Uso ndio ulioumia.

Kisiwani nilipokelewa na somo wa Zaina, mama mnene mwenye kicheko, ndiye anayemfunda na kumlinda humo ndani.

"Hodi ya nini, ingia! Ungekuwa mwanamume ungepiga picha yako hapo hapo uani, ya kuku."

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na kitambaa cha Bi Mwanahawa ndicho pazia lake. Zaina alikaa mkekani chini yake. Nikauliza kama tunaweza kukifunua kidogo, au atoke barazani.

"Weee! Mwali atoke juani? Na hilo dirisha linatazama njia. Wanaume wanapita kwenda majini. Kitambaa hakisogei."

Niliwasha taa yangu ndogo. Liwa aliyopakwa Zaina usoni, ule unga wa msandali, ikang'aa, uso ukawa bapa.

"Loh! Umempaka chokaa mtoto wa watu!" somo alicheka, na Zaina akaficha mdomo kwa kanga. Nikaizima.

Nikafungua lenzi mpaka mwisho. Shata nikaiweka moja ya hamsini ya sekunde, inayofaa video, maana nilitaka mama asikie na sauti yake, na mtu aliyetulia haitamchafua. Nilipopima mwanga wa kitambaa, maua yalitoka mazuri sana na Zaina akawa kivuli kilekile. Nikajaribu katikati: maua yakafifia, na macho ya Zaina bado hayaonekani. Nilikosa vyote.

Nilikaa chini. Nyumbani nina picha moja ya marehemu mama yangu. Amekaa barazani, nyuma yake uwanja una jua. Kila jani la mpapai linahesabika, na usoni pake hakuna kitu. Huwa naitazama na kuukumbuka mpapai.

Nikapandisha ISO, nikiangalia uso wa Zaina peke yake, mpaka nikaona mboni za macho na pengo dogo la meno ya mbele. Nyuma yake kitambaa kilikuwa weupe mtupu. Maua yote yamekwenda.

"Na ile kazi ya mama yake?" somo aliuliza, akichungulia kioo cha kamera. Hakuwa anacheka tena.

"Nitakipiga peke yake. Pamoja haviwezekani."

"Utamjibu wewe, mie simo."

Zaina alitazama kamera. "Mama, mie mzima. Nakula. Usilie, nitakuja na mume tukuchukue." Akacheka, akasahau kuficha pengo.

Nililala hapo; alfajiri, wakati wa kurudi, boti ilisubiri maji yajae. Wenzangu walifungua vyakula vyao, wakanikaribisha kwa adabu, nikashukuru kwa adabu. Nimeingia harusi nyingi, na mimi simo katika picha hata moja.

Kibiti nilimwekea Bi Mwanahawa video kwenye simu yake, nikampa mkononi. Alitazama, akairudia. Kidole chake kikagusa ule weupe.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kimeungua kwa mwanga, mama. Nilichagua uso. Kitambaa kipo picha nyingine, hii hapa."

Hiyo nyingine hakuitazama.

"Kitambaa nakijua, kila uzi. Huyu ndiye aliyekuwa amenipotea." Akasogeza simu karibu na macho. "Tazama pengo lake. Nilimwambia asiwe anacheka mdomo wazi, leo namshukuru hakunisikia."

Nilimwacha anairudia. Ikwiriri nilifika jioni, nikafungua chumba changu, nikaikuta ile picha ya mama pale pale mezani.

Basi jifunze hili nililojifunza: mwanga hautoshi kila kitu, na kamera haijui unayempenda. Wewe ndiye unayejua. Leo, mama yako akikaa dirishani, fungua kamera ya simu. Gusa uso wake kwenye kioo, usiguse dirisha. Ikitokea alama ya jua, ipandishe taratibu mpaka uyaone macho yake. Kisha piga.