Neno Mgongoni mwa Hamisi

Aibu hii nimeibeba tangu mwaka tisini na moja, nimechoka nayo, leo naitua hapa mbele yenu, chekeni, mkimaliza mniache nipumzike.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu: kutokubali kusema "sijui". Mdogo wangu Hamisi, mgane (mkewe alifariki kwa homa, Mungu amrehemu), alikuwa anakwenda kuposa mtaa wa Nyamirambo, na huko kwa akina binti walishaanza kunong'ona eti huyu mwanamume ana mkosi, atatuulia mtoto. Basi nikamtafutia koti la caguwa, mtumba wa nguvu, mgongoni limetariziwa neno kubwa la Kiingereza kwa uzi wa dhahabu: DEADLIEST.

"Kaka, iko inasema nini?"

Sasa mimi niliwahi kukaa Kampala wiki mbili (nilikuwa naharisha, sikutoka hata nje), basi nikakohoa, nikasema, "Maana yake mpendwa kuliko wote. Asili yake, wafalme wa Uingereza waliwavalisha hilo vitinda mimba wao." Jamani! Hata mwenyewe nikaamini.

Tulikaribishwa vizuri, alasiri ikaingia, na mjomba wa binti, Mzee Issa, kwa heshima akamwambia Hamisi, "Bwana harusi, tuswalishe." Yaani Hamisi akasimama mbele peke yake, sisi wote nyuma, safu mbili, macho kwenye ule mgongo, na Mzee Issa safu ya kwanza, nyuma yake kabisa, na huyo mzee (nani angeniambia?) alikuwa karani Mombasa miaka ishirini. Nilisikia pumzi inamkatika kabla hatujarukuu.

Swala ilipokwisha akauliza polepole, "Nani kakuvalisha hili?"

"Kaka yangu, Mzee. Maana yake mpendwa."

"Mpendwa? Mwanangu, shina lake ni mfu. Wakaliongezea mkia, likawa la kuua. Wakaongeza mkia wa pili: anayeua kuliko wote."

Shangazi mmoja nyuma ya pazia akasema, "Si nilisema mimi?" Hamisi akanigeukia, machozi yanamlengalenga, na mimi moyo ukaniuma kweli. Nikasema mbele ya watu wote, "Kiingereza sijui. Hata kidogo. Yeye hana kosa."

Hamisi akavua koti, Mzee akanipa wembe, nifumue hapo hapo. Nikafumua herufi tisa, nikakung'uta nyuzi, nikaliinua, kumbe koti lilikuwa limepauka lote isipokuwa chini ya uzi! Neno likasomeka vizuri kuliko mwanzo.

Ndipo binti mwenyewe akaangua kicheko nyuma ya pazia. "Yewe, aliache tu! Mimi naolewa na yeye, siolewi na koti."

Wakaoana. Koti ninalo mpaka leo, nalikalia kwenye kiti changu cha cherehani, na mteja akija na neno lolote, hata la Kifaransa, namjibu sijui kabla hajamaliza kuuliza.