Kilio katika Ua wa Mdachi

Sufu iliyoloa maji, ikipigwa pasi ya makaa, hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Kondoo mwenyewe nilimwona nikiwa mtu mzima, lakini harufu yake niliijua tangu utotoni, kwa sababu ndiyo aliyorudi nayo Baba kila jioni nyumbani kwetu Siti Albert, mtaa wa Waafrika wa Elisabethville, kule Katanga, miaka ya vita. Baba alikuwa fundi wa cherehani katika duka la mshonaji mmoja wa Kijerumani, kule mjini kwa wazungu. Mwenye duka aliitwa Musyu Walter, ila watu wote walimwita Mdachi, yaani Mjerumani, na jina hilo halikukosa pilipili, maana mjomba wangu alikwenda hadi Tabora na jeshi la Wabelgiji kupigana na Wadachi, na kila alipolewa alituonyesha kovu la paja. "Baba yako anamushonea adui," alikuwa akinitania. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na mishono midogo. Mama, aliyejaliwa maneno ya kutosha nyumba nzima, ndiye aliyemjibia.

Ujerumani, basi, niliijua kupitia meza ya kupigia pasi. Mdachi alisimulia huku akikata kitambaa, Baba akatuletea masimulizi wakati wa kula. Tukasikia jinsi nchi ile ilivyoshindwa katika vita vya kwanza, njaa ikaingia, wanaume wazima wakazurura bila kazi, na noti zikawa makaratasi ya kuwashia jiko. Katika dhiki hiyo akazuka mtu mmoja mwenye masharubu mafupi, hodari wa kupiga kelele, akawaambia watu kwamba shida zao zote zimeletwa na Wayahudi. Mdachi wetu alikuwa Myahudi. Baba yake alipoteza mguu akiipigania nchi ileile. Siku moja jirani alimletea Mdachi shati la chama cha yule mwenye masharubu, la rangi ya udongo, ampunguzie kiunoni, naye akampunguzia vizuri. Baadaye jirani huyohuyo, akiwa amelivaa shati lile, akasimama mlangoni pa duka kuwazuia wateja wasiingie. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo tusemavyo, lakini huyu hakuwa mgeni, alizaliwa mtaa uleule. Akakimbia hadi huku kwetu. Mama yake na dada yake wakakataa kutoka, wakisema, "Watu wa hapa wanatujua." Na Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, askari wa Elisabethville wakamkamata na kumfunga miezi kadhaa pamoja na Wajerumani wengine. Kwao alifukuzwa kwa kuwa si Mjerumani, kwetu akafungwa kwa kuwa ni Mjerumani. Mjomba mwenyewe, aliposikia hayo, alisema wazungu wana akili nyingi mno.

Vita vilipokwisha Ulaya, ving'ora vya kiwanda vililia asubuhi nzima na watu wakacheza barabarani. Mama hakucheza. Alichinja kuku, akafunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono tukaenda dukani. Kwetu Kasai, walikotoka wazazi wangu, ukoo wako ukishindwa vitani hupewa pole, hata kama waliopigana walikuwa wezi watupu. Tukamkuta Mdachi ana pini mdomoni. Mama akapiga magoti na kusema, "Musyu, tunakuya kukupa pole. Inchi yako inaanguka." Baba, nyuma ya cherehani, alitamani sakafu immeze. Mdachi akazitoa pini moja moja, uso umemwiva. "Ile haiko inchi yangu, Mama. Ile ilinifukuza." Mtu mwingine angeondoka na aibu yake. Mama alibaki pale pale kwenye magoti, akauliza, "Basi bantu yako ni banani?" Mdachi akaziweka pini mezani. "Mama yangu na dada yangu. Niko nabangojea." Akampokea yule kuku kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hata sisi watoto tuliwangojea wanawake wawili tusiowajua, na jioni swali la kwanza la Mama lilikuwa kama kuna habari.

Habari ilikuja wakati wa baridi, majani yakiwa yamekauka na vumbi jekundu limetanda kila mahali. Msafiri kutoka Ubelgiji alimwambia Mdachi kwamba mama na dada yake walipakiwa kwenye treni pamoja na watu wa mtaa wao wote, wakapelekwa mbali kuuawa. Baba alirudi nyumbani akashindwa kula. Kilichomtisha, alisema, ni kwamba Mdachi alifungua duka kama kawaida, akapima wateja, akacheka nao, na chakula alichopikiwa akampa mbwa. Hakulia. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na huyu hakuanza, basi sisi tungeingia wapi? Baba alikuwa amejaribu kumuuliza. Mdachi alimjibu kwamba siku waliyokufa haijui, kaburi halipo, ataliaje? Mama aliweka mwiko chini. "Na sisi je? Muntu akifa Kasai, habari inakuya na treni, bamekwisha kumuzika zamani. Kilio inaanza siku habari inafika."

Hapo nilimwona Baba akiogopa. Tangu mgomo wa machimbo, watu wetu walipopigwa risasi, kundi la Waafrika likikusanyika mjini kwa wazungu lilihesabiwa kuwa la waasi. Angeweza kunyang'anywa kibali cha kukaa mjini, nasi sote tukarudishwa Kasai na vyombo vyetu kichwani. Alimweleza Mama hayo yote, tena kwa upole. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kutafuta kuni.

Jumapili baada ya misa tuliingia katika ua wa Mdachi, wanaume wanne wa cherehani, wake zao na watoto. Wanaume wakawasha moto karibu na ukuta, wanawake wakakaa chini na kunyoosha miguu, kama inavyotakiwa. Mdachi alitoka na suspenda zake za suruali mabegani, akatutazama bila kuelewa. Hatujamaliza hata kusalimia, Mbelgiji wa nyumba ya pili alikwisha kuita polisi. Wakaja askari mweusi na mkubwa wake mzungu.

"Mukutano gani hii?" askari aliuliza.

"Hapana mukutano, shefu. Iko kilio," Baba alisema. Alisimama mbele yetu.

"Kilio ya nani?"

Baba akamwonyesha Mdachi kwa kidevu. "Ya mama yake na dada yake."

Mzungu alicheka, akamuuliza Mdachi kwa Kifaransa kama ni kweli. Mdachi aliingia ndani, nami nikadhani ametukataa, kwamba tumekwisha. Akarudi amevaa koti lake la sufu nyeusi, ameshika mkasi mkubwa wa kazi. Akakata ukosi wa koti, kisha akaupasua kwa mikono mpaka karibu na moyo. Baba aliguta kama aliyekatwa yeye, kwani koti lile walilishona pamoja. Mdachi akaja akakaa chini, mavumbini, kando ya Mama. "Kwetu vilevile," alisema, "mufiwa anapasua nguo. Anakaa chini." Ndipo sauti ikamtoka, sauti ambayo sikujua kwamba mzungu anayo, na Mama akaipokea, na wanawake wote wakaingia. Yule mkubwa alitutazama kwa muda, akasema tuwe tumeondoka kabla ya giza, akaenda zake. Askari mweusi alichelewa kumfuata. Alivua kofia kwanza.

Mimi si mtu wa kusifia siku za wakoloni. Nilizoea kuamini tu kwamba mambo ya Ujerumani ni ya Ujerumani, na kwetu hayafiki. Yakafika nikiwa na wajukuu. Uchumi ulianguka, wakatokea wapiga kelele, wakasema shida za Katanga zimeletwa na Wakasai, nasi tuliozaliwa hapa tukaambiwa turudi kwetu. Kijana wa nyumba ya jirani, ambaye nilimlea na wanangu sahani moja, alikuja na wenzake akatutupia vyombo nje. Mume wangu alikufa kituoni tukingojea treni, na hakuna aliyetoka mtaani kwetu kuja kukaa nasi. Miaka mingi baadaye nilirudi mtaa uleule, maana sikuwa na kwetu kwingine. Juzijuzi kijana yule, sasa mwenye mvi, alifiwa na mkewe. Wanangu wakaniambia, "Mama, usiende, bajililie benyewe." Nilijaribu kuwatii. Nikakaa ndani nikisikia kilio ng'ambo ya ukuta, na hasira yangu ilikuwa ya haki, hata leo ni ya haki. Kisha nikafunga kitenge nikaenda, nikajishusha chini taratibu, magoti yakilalamika. Aliniona, akashindwa kuniangalia. "Mama," alinong'ona, "hata weye unakuya?" Nikamwambia nimefika. Nikamlilia mkewe, na nilipomaliza nikamtaja mume wangu kwa jina lake, kwa sauti, hapohapo uani pake, na yeye akaitikia kilio hicho.