Zamu ya Shamba la Mwimbaji

Nakumbuka siku moja ya palizi, mwanangu, mimi bado msichana hapa Sigowet, mahindi yamefika magotini. Tulikuwa tunalimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kazi tunayoiita kipagenge. Mzee Kiptoo hakushika jembe. Yeye aliketi pembeni akitupigia chepkong', kinanda chetu cha nyuzi, na shamba liliisha kabla mgongo haujauma.

Zamu yake ilipofika, watu walikaa nyumbani. Walisema, huyo naye alilima lini? Magugu yakameza mahindi yake. Kiptoo hakugombana na mtu. Alitundika chepkong' ukutani, akaenda Kericho kuchuma majani chai, na hakurudi. Msimu uliofuata tulilima kimya. Shamba ni lilelile, lakini lilikataa kuisha.

Nyanya yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisimamisha jembe, akatuangalia wote.

"Mlikula jasho lake kwa masikio," alisema. "Sasa limeni na kimya chenu."



Siku hizi niko peke yangu. Mzee wangu tulishamzika, watoto wako Nairobi, hunipigia simu wakikumbuka. Upweke ni kitu kibaya, mwanangu, wacha nikwambie ukweli. Unapika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Kitu nilichobaki nacho ni Jumapili mchana, binti mmoja anayeitwa Cherono akitupigia nyimbo za zamani za Kipsigis kwenye redio ya AM. Hizo FM zenu sizitaki, kelele tupu, na huku bondeni hata hazishiki. AM inakwaruza, lakini inafika.

Juzi Cherono alitangaza kwamba wafanyabiashara wamekimbilia kwingine na matangazo yao, kwa hivyo kipindi kitafungwa mwezi ukiisha, labda sisi wasikilizaji tukibebe wenyewe. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, nikiwaza ule ukuta wa Kiptoo uliotundikwa chepkong'.

Basi nikapiga simu, nikaunganishwa hewani. Nikawasimulia habari ya Kiptoo yote, halafu nikasema tumlimie huyu binti kwa zamu, tumchangie pesa ya kipindi, watu wa kila soko na mwezi wao. Jirani yangu aliniuliza kama nimechanganyikiwa, kupeleka bonasi yangu ya majani chai kwa redio. Nikamwambia hata yeye huwa namsikia Jumapili akiimba nyimbo hizo hizo ng'ambo ya ua.

Watu wa soko la Chebunyo walianza. Kisha ikaja zamu yetu, na Cherono akasema huu wimbo ni wa Kogo Rael wa Sigowet. Kogo ni nyanya, na Rael ndiye mimi. Nikageuka haraka nimwambie mzee wangu, "Umesikia?" Kiti chake kilikuwa kitupu. Nililia mpaka wimbo ukaisha.

Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Kama kuna wimbo unaokushika moyo, mlimie anayeuimba, tena mapema, usingoje jirani aanze. Nawe utazeeka, utahitaji sauti inayofika bondeni.

Mungu akupe wa kukuimbia. Na siku jina lako likitajwa, akupe mtu kwenye kile kiti cha pili, wa kumuuliza, "Umesikia?"