Kamba ya Machuki Haiazimwi

Ntimaru nzima ilijua: ukitaka shoka la Machuki, chukua. Ukitaka baiskeli yake, chukua, na ukiirudisha na pancha mtasemezana kesho. Lakini kamba yake usiitaje. Ilikaa chini ya kitanda ndani ya gunia safi, na hata mkewe Rael akifagia aliisogeza kwa mkono, hakuivuka kwa mguu. Watu wakasema ni uchawi. Uchawi gani? Mtu kazi yake ni kupanda mikaratusi mirefu kuliko kanisa, afike juu aegemeze mgongo hewani huku msumeno uko mkononi, halafu asiitunze kamba inayomshikilia?

Aliifuata Homa Bay mwenyewe, kwa watu wa maboti ya Mfangano, maana zile za madukani hakuziamini. Ilikuwa ya nailoni, nyuzi nene tatu zilizosokotwa pamoja. Mshipi wa kiunoni alishonewa na fundi viatu kwa ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa mara mbili. Vyuma vya kufunga miguuni, vyenye meno ya kuuma gome, vilifuliwa Migori mjini kutoka springi ya lori. Chuma kikiteleza, kamba itakudaka. Kamba ikikatika, basi, watu wataanza kukuchangia jeneza.

Mwaka ule wa tisini na saba mvua ya El Nino ilikuja ikakataa kuondoka. Nyuma ya nyumba ya mama yake Machuki, Nyangi, kulikuwa na mkaratusi uliopandwa na marehemu baba. Udongo ulipolegea, mti ukaanza kuinamia nyumba, na mizizi ya upande wa pili ikatokeza. Kuukata chini ilikuwa sawa na kuiangusha nyumba kwa mikono yako. Ilibidi mtu apande, aanze kileleni, aushushe kipande kwa kipande. Mtu huyo ni nani kama si Machuki? Alikuwa amekwenda Rangwe kupatana bei ya miti ya watu, kamba ameiacha chini ya kitanda. Akaitwa, akaja.

Asubuhi aliyoambiwa apande, ukoo wote ulikuwa uani. Baba mdogo wake, Nyamohanga, alikuwa ameletewa kiti, amekaa kama anayengoja mechi ianze. Machuki akatoa kamba kwenye gunia, akafumba macho, akaipitisha mkononi taratibu, kama afanyavyo siku zote. Katikati mkono ukasimama. Pale kamba ilikuwa nyembamba, imekauka, haipindiki. Akainusa. Ilinukia sabuni.

"Rael, nani ameshika hii kamba?"

Rael akamgeukia Sammy, mdogo wake Machuki. "Huyu. Alikuja akaniambia wewe ndiye umemtuma."

Sammy alikuwa utingo wa lori la tumbaku, kijana wa kucheka na kila mtu. Akacheka hata hapo. "Lori lilikwama kwenye matope kule mtoni, brathe. Tukalifunga kwa trekta, likatoka. Na kamba yako nimeiosha na Omo, haina hata doa."

Machuki alihisi damu ikimpanda kichwani hadi masikio yakawaka. Lori! Na tumbaku juu yake! Huyu mtoto wa mama mmoja naye, waliyelala naye mkeka mmoja, amechukua roho yake, akaivutia lori, kisha akaifua akaianika. "Hii kamba imekufa," akasema. "Sipandi."

"Imekufa vipi na ni nzima?" Nyamohanga akauliza. "Mimi naiona ni nzima."

"Baba mdogo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Panda wewe."

Hapo kelele ikaanza. Nyamohanga akasema tangu lini mtoto anamjibu mzee hivyo. Mwingine akasema jamani, kamba ni kamba. Nyamohanga akamalizia kwa neno lililomchoma Machuki kuliko yote: mtoto wa kiume gani huyu, anayepanda miti ya wageni huko Rangwe, wa mama yake anaukataa kwa hasira tu? Matusi aliyokuwa nayo Machuki hayakuwa ya kumwambia mzee, naye akayameza yote, machungu.

Sammy akaona watu wako upande wake. Akaokota mshipi, akajifunga, akavaa vile vyuma. "Mbona tulipanda wote tukiwa wadogo? Leteni." Akazungusha kamba kwenye mti, akaanza kupanda. Machuki akampa mgongo. Aanguke, akajiambia, aanguke ajue. Lakini shingo yake ikageuka yenyewe.

Sammy alipopita paa la nyumba akasimama, akaegemea nyuma apungie watu mkono. Kikasikika kitu kama kijiti kikavu kinavunjwa. Uzi mmoja kati ya zile tatu ulikuwa umekatika, ukaanza kujisokotoa.

"Kumbatia mti!" Machuki alikuwa tayari chini ya shina. "Kumbatia, mjinga wewe! Acha kamba, shika mti. Chuma cha kulia, piga gome. Sasa cha kushoto. Usiangalie chini, nani amekwambia uangalie chini?" Akamshusha kwa matusi, hatua kwa hatua, Sammy akisugua kifua kwenye gome, shati likichanika. Miguu ilipogusa ardhi Machuki alimnasa kofi moja lililosikika hadi barabarani, kisha akamshika mabega kwa mikono miwili asianguke.

Nyamohanga akakohoa. "Mungu ni mkubwa," akasema. "Sasa, Machuki, huna kamba nyingine?"

Machuki akachukua panga, akaiweka kamba juu ya mzizi, akaikata vipande. Kimoja akamwekea Nyamohanga mapajani. "Kafungie mbuzi, baba mdogo. Kwa mbuzi inatosha."

Nyangi, mama yao, akaingia nyumbani kwake, akatoka na sufuria na taa, akaviweka nje kwenye matope. "Toeni vitu," akasema. "Mti uanguke ukitaka. Nyumba nitajengewa. Wa kunijengea ndio hawa wawili, sina wengine."

Kitanda chake kilikuwa cha mbao nzito. Machuki akashika upande wa kichwani, Sammy akashika wa miguuni. Mlangoni kitanda kikawa kinagonga fremu, kwa sababu mikono ya Sammy ilikuwa bado inatetemeka. Machuki alikuwa angali na hasira hata kumtazama hawezi, lakini alisimama na uzito ule mikononi, akamngoja.