Madam na Timu ya Ringi Moja

Chuo chetu kilikuwa na ringi moja ya mpira wa kikapu. Ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa karakana ya uchomeleaji, na chini yake palikuwa na sakafu ya saruji ambapo walimu waliegesha magari mchana. Jioni magari yakishaondoka tulifagia kokoto, tukacheza. Wengi waliopita barabarani hawakujua kama pale pana chuo. Walidhani ni godauni. Ndani tulikuwa wanafunzi wa umeme, ushonaji, mabomba na uhasibu, karibu wote watoto wa mitaa ya hapo hapo, Ziwani, Jericho, Makadara, tuliochagua chuo kile kwa kuwa tungeweza kufika kwa miguu.

Mimi nilitoka Jericho. Mama yangu, mtu wa magharibi, ndiye aliyenipa urefu. Baba alikuwa Mkamba mfupi, mchongaji, na alinifika kifuani. Aliniita twiga, na twiga aliwajua vizuri, maana ndio aliochonga maisha yake yote katika kibanda chake nyuma ya soko la Muthurwa.

Wiki yangu ya kwanza chuoni nilikuwa nikipita na bunda la nyaya begani, mwanamke mmoja mwembamba aliyening'iniza tepu ya kupimia shingoni akanisimamisha.

"Wewe unacheza nini?"

"Sichezi kitu, Madam."

"Kuanzia leo unacheza kikapu. Saa kumi, nyuma ya karakana. Uje na raba."

Alikuwa mwalimu wa ushonaji. Usichana wake aliucheza uwanjani mpaka goti likamkatalia. Hakuna mtu aliyempa kazi ya ukocha. Alimwendea mkuu wa chuo akaomba mpira, akapewa, na timu ya wanaume ikaanza. Jezi zetu za kwanza alizishona yeye mwenyewe kwa kitambaa cha bitana, kile kinachowekwa ndani ya koti. Ziling'aa kama za kwaya na zilituwasha kwapani, lakini zilikuwa na nambari, na tulipozivaa tulisimama wima zaidi.

Kitu alichokichukia ni mtu kudundadunda mpira peke yake. "Mpira hauchoki," alikuwa akitupigia kelele kutoka kwenye kiti chake. "Wewe ndiye unayechoka. Upe mpira kazi!" Basi tukajifunza pasi. Tulipeana pasi hadi mikono ikawa inajua mwenzako yuko wapi kabla ya macho kumwona.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima kutuzidi sisi sote. Alikuwa amefanya kibarua kwa miaka katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area kabla ya kurudi darasani kusomea mabomba. Alikuwa na mke, alikuwa na mabega ya kubeba magunia, na alikuwa na upole ambao sijauona tena kwa mtu mwenye nguvu kama zake. Ukikosa kufunga, alikupita akikugusa kichwa tu. "Poa, msee. Inayofuata."

Mechi yetu ya kwanza ya ugenini tulichezea chuo kimoja chenye uwanja kamili, ringi huku na ringi kule. Kipindi cha kwanza tulijitahidi. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana pande, kama sheria inavyotaka, na hapo ndipo ujinga wetu ulipoonekana. Sisi maisha yetu yote tulikuwa tumeshambulia upande mmoja. Mwenzetu mmoja akaupata mpira, akawakwepa watu wawili kwa ustadi, akaruka, akafunga kikapu safi kabisa. Chetu wenyewe. Akageuka na mikono juu akishangilia, akaona watu wa ule upande mwingine ndio wanaoshangilia naye.

Nilimtazama Madam nikitarajia hasira. Alikuwa ameinama, amejifunika uso kwa kanga ya begani, anacheka hadi machozi yanamtoka. Tulifungwa vibaya siku ile. Njiani alisema neno moja tu: "Tunahitaji ringi ya pili."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alibisha mlango wetu Jericho. Mama alikuwa jikoni akipika. Baba alikuwa amekaa na redio yake, na hakuwa rafiki wa mambo ya mpira. Alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba alinipeleka chuo nikawe fundi wa umeme, si kurukaruka.

"Mzee, hamjambo," Madam alisema.

"Hatujambo, mwalimu. Huyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kwako wewe. Nasikia unajua mbao."

Baba akazima redio. Madam akamweleza habari ya kikapu tulichojifunga, bila kupunguza hata chembe. Mwanzoni baba alijikaza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. "Aiya!" alisema, akajipiga paja. "Yaani amekwepa watu, akajifunga mwenyewe?"

"Akashangilia, mzee."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kulikoni, na ikabidi Madam aanze hadithi upya. Alikula chakula cha mchana nasi siku ile. Alipoondoka baba alikuwa ameshaniuliza upana wa ubao, urefu wake kutoka chini, na kama mvua inapiga pale ukutani.

Ubao wa pili aliutengeneza baba mwenyewe kwa jioni kadhaa, baada ya kazi zake. Wanafunzi wa uchomeleaji wakaunda nguzo na ringi, mkuu wa chuo akakubali walimu waegeshe magari upande wa jiko, na sisi tukapata uwanja. Siku ya kuusimamisha baba alikuja na kofia yake ya kanisani. Timu nzima ikajipanga kumsalimu, naye akapita mbele yetu akitutazama mmoja mmoja kutoka chini kama mtu anayekagua miti. Tangu siku hiyo hakukosa mechi ya nyumbani. Alikuwa hajui sheria hata moja; alimshangilia yeyote aliyeruka.

Kuanzia hapo tuliinuka. Vyuo vikubwa vilivyokuwa vikituchekea jezi zetu viliacha kucheka, kwa sababu hatukuwa na nyota wa kumkaba. Ukimkaba huyu, mpira uko kwa yule. Msimu wa pili tulifika fainali ya vyuo, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi huliona kuwa ndilo lililoijenga timu ile kuliko kombe lolote.

Fainali ilichezwa mchana, ng'ambo ya mji, katika ukumbi wenye sakafu ya mbao iliyong'aa. Tulikuwa tukiongoza. Nahodha alikuwa akicheza kama mtu aliyekasirishwa, kitu ambacho hakikuwa tabia yake. Kabla kidogo ya mapumziko simu ya Madam ikalia. Alisikiliza, akasimama, akaomba timu ipumzishwe, akamwita nahodha kando. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Mke wako yuko hospitalini tangu asubuhi?"

Nahodha akatazama chini. "Ndiyo, Madam."

"Shemeji yako amepiga simu. Mambo si mazuri. Wanampeleka upasuaji. Kwa nini hukuniambia?"

"Madam, hii ni fainali."

"Najua ni fainali. Vaa suruali uende."

"Tukishindwa je?"

"Tutashindwa. Fainali nyingine itakuja. Mtoto huyu anazaliwa leo."

Alivaa suruali juu ya kaptura, akatugusa vichwa, akasema, "Wasee, pigeni mpira," akatoka mbio. Mlinzi wa langoni alimsimamishia bodaboda.

Bila yeye tulishindwa. Tulipambana hadi filimbi ya mwisho, lakini pale chini ya ringi palikuwa na pengo ambalo hakuna aliyeweza kulijaza. Wenzetu walilia. Mimi nilikuwa na uchungu mwingi na sitaki kuuficha: niliamini kwamba Madam ametunyang'anya kombe, kwamba saa moja zaidi isingebadili kitu hospitalini. Tukapanda basi la kukodi. Kisha tukaona dereva amepinda kona isiyo ya kwenda chuoni.

"Madam, tunaenda wapi?" mtu akauliza.

"Tunaenda kumwona mwenzenu."

Langoni pa hospitali walituzuia, kundi la wanaume warefu wenye jasho, na jezi za bitana. Tukasubiri nje ukutani. Jua lilikuwa bado halijazama nahodha alipotoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwendea Madam moja kwa moja, akamkumbatia, na ilikuwa kama mlango umeegemezwa juu ya ufagio.

"Ni msichana," alisema. "Mama yake amepoteza damu nyingi, lakini yuko. Nilimshika mkono kabla hawajamwingiza. Madam, alikuwa anaogopa sana. Nilimshika mkono."

Hakuuliza habari ya mechi. Na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kununa wiki nzima, nilijikuta sina cha kununia.

Muuguzi mmoja alituambia kwamba damu aliyoongezewa mke wa nahodha ingefaa irudishwe kwenye akiba ya hospitali. Wote tukanyoosha mikono. Alitutazama, akacheka. "Nyinyi mmetoka kukimbia, hamna hata maji mwilini. Nendeni mkale, mlale, mrudi Jumatatu." Jumatatu tulirudi, tukajipanga kwenye korido. Madam naye alijipanga, akakataliwa kwa wembamba wake, akazozana na muuguzi, akashindwa. Mwenzetu mmoja ambaye hakuogopa mtu yeyote uwanjani alizirai alipoiona sindano, na hadi leo tukikutana tunamwuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata tulilichukua kombe. Ningependa kusema ilikuwa mechi ya kusisimua, lakini haikuwa. Tulishinda mapema mno hivi kwamba robo ya mwisho Madam aliwaingiza wote wa benchi, na baba yangu akasinzia jukwaani. Mke wa nahodha alikuwepo na mtoto mgongoni. Filimbi ilipolia, nahodha hakukimbilia kombe. Alimchukua binti yake, akamwinua hadi kwenye ringi, mtoto akashika wavu na kukataa kuuachia, na watu wazima wakalazimika kusubiri sherehe yao hadi vidole vile vidogo vifunguliwe.

Tulishinda tena baadaye, na waliokuja nyuma yetu wakashinda pia. Vyuo vyenye viwanja na makocha wa kulipwa vilituma watu kuja kutazama tunavyofanya mazoezi, wakaona uwanja wa saruji uliopasuka na mwalimu wa ushonaji kwenye kiti cha plastiki. Sijui waliondoka na nini. Sisi tulijua kwamba mchezaji wa Madam alicheza akiwa hana mashaka. Alijua akianguka ataokotwa, hata kama itagharimu mechi.

Hilo nilikuja kulijua mwenyewe baba alipofariki. Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo, nimeajiriwa, wengi wetu tumetawanyika. Niliwaambia watu wachache tu. Siku ya kumpeleka nyumbani Ukambani, nilipofika mahali pa kuondokea nilikuta basi jingine limejaa timu yangu, waliocheza nami na hata vijana ambao sikuwahi kucheza nao, na Madam kiti cha mbele na thermosi ya chai mapajani. Ndio waliolibeba jeneza. Ndugu wa baba, mfupi kama yeye, alitaka naye kubeba, na kwa upande wake jeneza likawa linainama hata wakalazimika kutembea wamekunja magoti njia nzima ya shambani. Mama, aliyekuwa hajatabasamu tangu msiba uanze, aliwaona wale majitu wakichutama kwa heshima ya mzee mmoja mfupi, akacheka na kulia kwa pamoja. Nikajua baba angalicheka pia.

Leo mimi ndiye mwalimu wa umeme katika chuo kile, na timu iko mikononi mwangu tangu Madam astaafu. Hatushindi kila mwaka. Msimu uliopita tulitolewa nusu fainali. Nahodha ana kampuni ndogo ya mabomba na amewaajiri wachezaji wetu kadhaa. Akinipigia simu kuuliza kama nina kijana mwaminifu, huwa ninaye.

Madam anaishi Ziwani. Mwezi uliopita niliwapeleka vijana wapya kumsalimu baada ya kanisa. Alitupikia chai na mandazi, akawasimamisha mmoja mmoja sebuleni, huku vichwa vyao vikikaribia dari. Mmoja akamwuliza, "Madam, mlikuwa mnashindaje na ringi moja?"

"Ringi moja ni nyingi," alisema, "kama mna mpira mmoja." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe mbona umekonda? Unaishi na nani?"

Kijana akasita, akaanza kumweleza. Madam akavuta kiti karibu, akamwongezea mandazi. Mimi nilitoka na wengine, tukasimama uani kwenye jua, tukiwaacha wazungumze.