Njia Aliyopitishwa Mjerumani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nimeshaamua kurudisha pete ya watu. Nilikuwa nasomea ujenzi wa barabara Guangzhou, Uchina, miaka ya tisini ikiishia, na Elia, mwanafunzi mwenzangu wa kwetu Upare, alikuwa amenichumbia. Baba yake akapiga simu kukataa. Ati ukoo wetu ndio uliowavusha Wajerumani milima, na mwanawe haoi kwa wasaliti.

Kwetu ndivyo ilivyosimuliwa. Wapelelezi wa Kijerumani walizunguka chini ya milima bila kujua pa kupandia, mpaka babu wa babu yangu akawatangulia. Aibu hiyo nilikua nayo.

Basi nikaenda soko la nguo la Shisanhang na Mama Rukia, mfanyabiashara wa Dar niliyekuwa namtafsiria kwa wenye maduka ya nguo. Akaniona nimenuna, nikamweleza yote. Akaiweka chini suruali aliyokuwa akiikagua.

"Aliwapitisha wapi?"

"Milimani, Mama."

"Mlima mzima? Wewe si ndiye unayesomea barabara? Njia ipi!"

Aliniudhi, sikufichi. Lakini lo, swali lile halikunitoka! Milima yetu ina pengo zuri lenye maji, na ina mgongo wa juu wenye baridi kali. Msaliti angewapitisha penye pengo; je, babu alifanya hivyo? Nikaingia kibanda cha simu pale barabara ya Huanshi, nikampigia mjomba mjini Same, kwake alikoishi bibi.

Bibi akacheka. "Aliwapeleka juu kabisa, kwenye ukungu na ruba. Pengo aliwaficha. Wangeyaona yale mashamba na ng'ombe, wangepiga kambi palepale."

"Mashamba ya nani, Bibi?"

"Ya kina Elia, ya nani tena?"

"Sasa mbona hamkusema?"

"Wakati ule habari ingemfikia Mjerumani. Baadaye nani angetuamini? Na wewe hujawahi kuuliza."

Nikamweleza Elia, naye akampigia baba yake, akanipa simu nieleze mwenyewe. Nikamsimulia mzee yote.

"Wazee wetu walikuwa wakishangaa," akasema, "kwa nini hawakutufikia. Huyo babu yenu aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina lile polepole. Nami machozi yalinitoka mbele ya foleni nzima ya watu waliokuwa wakingoja simu. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wetu mimi na Elia, alipozaliwa, mzee mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukirithishwa aibu usiibebe kichwa kichwa. Uliza ilipita wapi, na nani alikuwa ng'ambo ya pili. Uliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na uulize mapema, bibi yako akiwa bado anapokea simu. Mungu akujalie udadisi usiokuwa na kiburi, na akuwekee wazee wa kukujibu.